Kumlipa Mtu wa Ng'ambo Dola 40 Bila Fedha Kuliwa Njiani

Msomaji mmoja ameniuliza hivi: "Kila mwezi ninamlipa mhariri anayeishi nchi nyingine dola 40 za Marekani. Mwezi uliopita nilikwenda benki yangu, nikatozwa dola 25 za kutuma, kisha mhariri akaniandikia kwamba zilizomfikia ni dola 28 tu. Benki yangu inasema ilituma dola 40 kamili, na benki yake inasema haikukata hata senti moja. Nani amechukua dola 12? Na je, ipo njia ya kulipa kiasi kidogo namna hii bila gharama kukaribia malipo yenyewe?"

Inawezekana kabisa kwamba benki zote mbili zinasema kweli, kwa sababu aliyechukua dola 12 huenda si yeyote kati ya hizo mbili. Watu wengi hudhani kwamba benki inapotuma fedha nje ya nchi, fedha zenyewe husafiri, lakini kinachosafiri ni ujumbe. Ujumbe huo kwa kawaida hupita katika mtandao wa SWIFT, ushirika wa benki ulioanzishwa mwaka 1973 na wenye makao yake Ubelgiji, ambao leo unaunganisha taasisi zaidi ya 11,000 katika nchi na maeneo zaidi ya 200. SWIFT haishiki fedha ya mtu yeyote. Hupeleka maagizo tu. Fedha huhama kwa kuandikwa vitabuni: benki moja hupunguza salio la akaunti hii na kuongeza la ile. Jambo hilo ni rahisi pale benki yako inapokuwa na akaunti katika benki ya mpokeaji. Isipokuwa nayo, hutafutwa benki ya tatu ambayo zote mbili zina akaunti kwake, na ikikosekana ya tatu moja inayotosha, huingia ya nne. Kila inayosimama katikati ina haki ya kujilipa kwa kazi yake, na hujilipa kwa kumega kile kinachopita mikononi mwake. Dola zako 12 zimebaki huko katikati.

Karibu nina hakika kwamba kwenye fomu uliyojaza palikuwa na mahali pa kuchagua nani abebe gharama, na kwamba hapo paliandikwa SHA, ama kwa mkono wako ama kwa mazoea ya karani. Herufi hizo zina maana kwamba gharama zinagawanywa: mtumaji huilipa benki yake, na yote yanayotozwa baada ya hapo hukatwa ndani ya kiasi kilichotumwa. Ukichagua OUR, mtumaji hubeba makato yote na mpokeaji, kwa kawaida, hupata kiasi kamili. Ukichagua BEN, mpokeaji hubeba yote, hata ada ya benki inayotuma. Kwa ankara kubwa OUR ni chaguo la heshima, kwa kuwa anayedai dola 5,000 anataka kuona dola 5,000 katika akaunti yake. Kwa dola 40 haikuokoi, maana benki yako itakutoza mapema fungu la kuzifidia benki za kati, na fungu hilo linaweza kuzidi hizo 12 zilizokwisha kupotea.

Huenda ukauliza kwa nini benki isitoze kidogo kwa kidogo na kikubwa kwa kikubwa. Sababu yake si uroho tupu, ingawa uroho nao haukosekani. Agizo la dola 40 na agizo la dola 40,000 hudai kazi inayokaribiana: majina ya mtumaji na mpokeaji hulinganishwa na orodha za watu waliowekewa vikwazo, maelezo ya malipo husomwa, na shaka yoyote humfikia mtumishi ambaye lazima aichunguze na kuiandikia. Viwango vya kimataifa vya kuzuia utakatishaji wa fedha, ambavyo hutungwa na chombo kiitwacho FATF kilichoundwa mwaka 1989, vimeifanya kazi hiyo kuwa nzito zaidi miaka hii, na benki nyingi kubwa zimeona ni nafuu kufunga akaunti za benki ndogo za nje kuliko kuzisimamia. Kati ya mwaka 2011 na 2018 idadi ya mahusiano ya namna hiyo kati ya benki na benki ilipungua duniani kwa takriban asilimia 20. Mahusiano yakipungua, njia hurefuka, na njia ikirefuka, wanaomega huongezeka.

Sasa tuitazame hesabu yako, kwani ndani yake ndimo lilimo jibu. Mkononi mwako zilitoka dola 65, na mhariri akapata 28. Njiani zililiwa 37, yaani karibu asilimia 57 ya ulichotoa. Lakini kama ungetuma dola 4,000 kwa njia ileile, na makato yakawa yaleyale 37, ungekuwa umepoteza pungufu ya asilimia 1, na usingekuwa na sababu ya kuniandikia. Njia uliyotumia si mbovu kwa kila mtu. Haifai kwa ukubwa wa malipo yako. Kiasi kikiwa kidogo, cha kuogopwa ni ada isiyobadilika. Kiasi kikiwa kikubwa, cha kuogopwa ni asilimia. Ushauri mwingi unaotolewa juu ya jambo hili hukosea hapo, kwani humfanya mtu ahangaike kutafuta kiwango bora cha kubadilisha fedha, wakati nusu asilimia ya dola 40 ni senti 20 tu. Chukua mtoa huduma ambaye kila mtu humlalamikia kuwa ghali, anayekula asilimia 4 lakini hana ada ya kudumu: kwako wewe atakula dola 1.60. Ili asilimia 4 ifikie dola 37, malipo yangepaswa kuwa dola 925. Chini ya hapo, yule "ghali" ni nafuu kuliko benki.

Kwa hiyo njia ya kwanza ninayopendekeza ni ile ambayo wengi huiacha kwa kuwa ni ya kawaida mno: kadi ya benki. Malipo ya kadi hupita katika mitandao kama Visa na Mastercard, ambayo haitumi agizo moja moja kupitia mlolongo wa benki za kati, bali hujumlisha malipo mengi ya siku nzima na kulipana tofauti tu, na ndiyo maana senti chache hupita humo bila taabu. Benki iliyokupa kadi inaweza kuongeza ada ya fedha za kigeni, ambayo mara nyingi hufika hadi asilimia 3, na wapo wasioitoza kabisa. Kwa dola 40 asilimia 3 ni dola 1.20. Mhariri wako hahitaji kuwa na duka wala mashine. Kampuni zinazopokea malipo kwa niaba ya wauzaji humwezesha mtu mmoja anayejitegemea kutoa ankara yenye kiungo, nawe ukalipa kwa kadi kama unavyolipia bidhaa yoyote. Kampuni hizo humtoza mpokeaji, na humtoza kwa asilimia pamoja na senti kadhaa za kudumu, basi zungumzeni mapema kama ataibeba gharama hiyo mwenyewe au ataiongeza kwenye ankara.

Katika kulipa kwa kadi kuna mtego mmoja wa kuangalia. Ukurasa wa malipo ukikuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya nchi yako au kwa sarafu ya muuzaji, chagua ya muuzaji. Ukichagua ya kwako, ubadilishaji hufanywa na upande wa muuzaji kwa kiwango anachojipangia, ambacho aghalabu huwa kibaya kuliko cha mtandao wa kadi, na tofauti hiyo huvishwa vazi la huduma ya kukurahisishia.

Njia ya pili ni kampuni zilizojengwa kwa ajili ya kuikwepa ile safari ya benki kwa benki. Inayojulikana zaidi ni Wise, iliyoanza London mwaka 2011 kwa jina la TransferWise na kufupisha jina mwaka 2021. Waanzilishi wake, Taavet Hinrikus na Kristo Käärmann, ni Waestonia waliokuwa wakiishi London: mmoja alilipwa kwa yuro huku akihitaji pauni za matumizi, mwingine alilipwa pauni huku akiwa na mkopo wa nyumba wa kulipa kwa yuro huko kwao. Wakakubaliana kwamba kila mwezi mmoja aweke pauni katika akaunti ya mwenzake ya Uingereza, na mwingine aweke yuro katika akaunti ya mwenzake ya Estonia, kwa kiwango cha soko cha siku hiyo. Fedha hazikuvuka mpaka wowote, na kila mmoja alipata alichohitaji. Kampuni waliyoiunda imepanua wazo hilohilo: wewe unalipa katika akaunti yao iliyo nchini mwako, na wao wanamlipa mpokeaji kutoka akaunti yao iliyo nchini mwake.

Wazo lenyewe si geni hata kidogo. Neno "hawala", ambalo Kiswahili kimelipokea kutoka Kiarabu na kulitumia hata kwa hawala ya posta, linabeba utaratibu wa wafanyabiashara wa karne nyingi zilizopita: mtu humkabidhi wakala fedha mji huu, wakala wa mji wa pili humlipa anayestahili, na mawakala hao wawili husawazisha deni lao baadaye. Tofauti ni kwamba kampuni za leo zina leseni, zinatoa stakabadhi, na zinaweza kushitakiwa. Hawala ya kienyeji isiyo na leseni bado ipo, na mahali pengi ni haramu kisheria. Sikushauri uitumie kulipia kazi ambayo huenda siku moja ukahitaji kuithibitisha kwa watu wa kodi.

Kabla ya kuchagua kampuni za aina hii, hakikisha kama fedha zinaweza kutumwa kutoka nchi uliyoko, kwa maana nchi zinazoruhusiwa kupokea huwa nyingi kuliko zinazoruhusiwa kutuma. Tazama pia namna watakavyoikamilisha safari. Mpokeaji akilipwa kwa sarafu ya nchini mwake kupitia mfumo wa malipo wa ndani, fedha hufika kamili. Lakini ukiwaagiza wapeleke dola za Marekani katika akaunti iliyo nje ya Marekani, huenda agizo likarudi kulekule SWIFT, na benki za kati zikamega kama kawaida. Kwa hiyo muulize mhariri kama yuko radhi kupokea fedha za nchini kwake badala ya dola. Mara nyingi swali hili moja huokoa fedha nyingi kuliko kuhama kutoka kampuni moja hadi nyingine.

PayPal, iliyoanza mwaka 1998, ni rahisi kwa kuwa pande zote mbili hutambuana kwa anwani ya barua pepe tu. Kwa malipo ya biashara humtoza mpokeaji asilimia na ada ndogo ya kudumu, na panapohitajika kubadilisha sarafu huongeza kwenye kiwango kitu kama asilimia 3 au 4. Kwa dola 40 hilo linavumilika. Usikubali kushawishiwa kulipia kazi kwa kujifanya unamtumia rafiki au ndugu ili kukwepa ada ya biashara, kwani ukifanya hivyo unapoteza ulinzi wa mnunuzi, na kwa kanuni zao hilo halifai kwa malipo ya kazi.

Kampuni za kutuma fedha kwa jamaa, kama Western Union iliyoanza kuhamisha fedha mwaka 1871, MoneyGram, Remitly au WorldRemit, zinafaa hasa pale mpokeaji asipokuwa na akaunti ya benki, kwani zinaweza kumlipa taslimu au kwenye pochi ya simu. Bei yao hubadilika sana kufuatana na nchi mbili zinazohusika na namna ya kulipa na kupokea. Benki ya Dunia, ambayo hufuatilia bei hizi mara kwa mara kwa kupima gharama ya kutuma dola 200, huona wastani wa dunia ukiwa juu kidogo ya asilimia 6, huku benki zikiwa aina ya watoa huduma iliyo ghali kuliko zote. Umoja wa Mataifa uliweka lengo la kushusha gharama hiyo chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Kwa mtu anayelipia kazi, lakini, kuna mawili ya kuzingatia. La kwanza, masharti ya baadhi ya kampuni hizi yanaruhusu utumaji kwa familia na marafiki tu, na anayelipia ankara anaweza kufungiwa akaunti. La pili, ukiilipa kampuni hiyo kwa kadi ya mkopo, benki yako inaweza kuhesabu kwamba umechukua taslimu, ikakutoza ada yake na kuanza kuhesabu riba siku hiyohiyo. Lipa kwa kadi inayokata moja kwa moja salio la akaunti yako (debit) au kwa kuhamisha kutoka akaunti.

Ikiwa wewe na mhariri wako mko ndani ya eneo lenye mfumo wa pamoja, sehemu kubwa ya niliyoyasema haikuhusu. Katika nchi za mfumo wa SEPA, ulioanza mwaka 2008, yuro huhamishwa kutoka nchi hadi nchi kama kwamba ni mtaa hadi mtaa, na sheria ya Umoja wa Ulaya inazuia benki kutoza malipo ya yuro ya kuvuka mpaka zaidi ya inavyotoza malipo ya ndani. Singapore na Thailand ziliunganisha mifumo yao ya malipo ya papo kwa papo, PayNow na PromptPay, mwezi Aprili 2021, na India ikaunganisha mfumo wake wa UPI na PayNow ya Singapore mwezi Februari 2023, hivi kwamba namba ya simu inatosha kumfikishia mtu fedha. Uliza benki yako kama ina njia ya namna hiyo kuelekea nchi ya mpokeaji, na uulize kwa jina la mfumo, kwa sababu karani akisikia tu "kutuma nje" atakupa fomu ileile ya zamani.

Kuhusu sarafu za kidijitali, nitasema machache. Zile zilizofungamanishwa na dola, kama USDT na USDC, huweza kweli kuvuka mipaka kwa senti chache, lakini gharama zimejificha kwenye ncha mbili: kuzinunua kwa fedha zako, na mpokeaji kuzigeuza kuwa fedha anayoweza kutumia. Ukikosea anwani au mtandao, hakuna wa kukurudishia. Ikiwa mhariri tayari anazitumia na sheria za nchi zote mbili zinaruhusu, ni njia; la sivyo, kujifunza jambo zima kwa ajili ya dola 40 kwa mwezi ni kujichosha.

Kuna dawa moja isiyohitaji kampuni mpya wala programu mpya, nayo ni kulipa kwa mkupuo. Makato ya dola 37 hayajali kama ndani ya agizo kuna dola 40 au 480. Ukilipa kila miezi mitatu, gharama inashuka hadi takriban dola 12.33 kwa mwezi. Ukilipa kwa mwaka, ni dola 3 na senti chache. Mkilipana mwisho wa kipindi, mhariri ndiye anayekukopesha. Mkilipana mwanzoni, wewe ndiye unayemwamini. Kwa watu waliofanya kazi pamoja mwaka mzima hilo linajadilika, ila liandikwe.

Kwa vyovyote utakavyochagua, usilinganishe ada na ada. Tangazo linalosema "bila ada" mara nyingi lina maana kwamba ada imehamishiwa kwenye kiwango cha kubadilisha. Ikiwa soko linatoa 100 kwa kila dola na kampuni inakupa 96, umetozwa asilimia 4 bila neno ada kutajwa popote. Fanya hivi: chagua kiasi ambacho mpokeaji lazima akipate, fungua huduma mbili au tatu katika saa ileile, andika humo kiasi hicho upande wa mpokeaji, na utazame kila moja inataka kiasi gani kutoka kwako. Namba ndogo ndiyo nafuu. Huduma isiyokuonyesha kiasi kitakachofika kabla hujabonyeza kutuma, iache.

Kwa hali yako, ningeanza kwa kumwandikia mhariri maswali matatu: je, anaweza kutoa ankara inayolipika kwa kadi, ikiwa hawezi, je, anakubali sarafu ya nchini mwake katika akaunti ya huko, na je, anakubali kulipwa kila miezi mitatu. Majibu mawili ya kwanza, lolote likiwa ndiyo, yatashusha gharama kutoka dola 37 hadi dola chache tu, na la tatu ni la akiba iwapo mtalazimika kubaki na benki. Malipo ya kwanza katika njia mpya yawe ya mwezi mmoja tu, na umwombe akutajie kiasi kilichoingia kabla hujatuma ya pili. Ikiwa siku moja barua pepe itakuja kwa jina lake ikisema akaunti imebadilika, mpigie simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali kabla ya kulipa, kwa sababu wezi wa barua pepe hutegea hasa watu wanaolipana kila mwezi.

Zile dola 12 za mwezi uliopita, usizifuate. Benki inaweza kukupa nakala ya ujumbe wa malipo, na ujumbe huo utaonyesha nani alikata nini, lakini benki nyingi hutoza ada ya uchunguzi, na jibu likija litakuambia kwamba makato yalikuwa halali chini ya SHA. Muulize mhariri kama anazidai; ikiwa anazidai, ziongeze kwenye malipo yanayofuata, ambayo hayatapita tena kwenye fomu ile.